Mikono Ina Wenyewe

4 Februari

Kaka yangu,

Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi yangu na watoto, na kwamba kile kifua kilichokusumbua kimepoa. Huku hatujambo. Mama hajambo isipokuwa magoti, na hayo ameshayazoea mpaka anayazungumzia kama watu: leo la kulia limeamka vibaya, leo la kushoto limenuna. Paa la jikoni halivuji tena. Jirani yetu fundi bati alilipanda mwenyewe bila kuombwa, anasema amechoka kusikia sufuria zetu zikilia kila mvua inaponyesha.

Kamera imefika salama. Dereva wa lori aliileta mpaka mlangoni ikiwa imeviringishwa kwenye taulo, na Mama akazichukua taulo akasema hizo ndizo zawadi yake. Nimempiga picha kama ulivyoagiza, yaani nimejaribu. Kwanza alikataa mpaka asuke nywele. Aliposuka zikambana, akakataa tena kwa sababu uso ulikuwa kama wa mtu aliyeshtuliwa. Mwishowe akakaa, akaanza kucheka, na nilichopata ni ukungu wenye meno.

Ndiyo maana nakuandikia. Hili duara la juu ya kamera lina herufi na vipicha: mlima, mtu anayekimbia, ua. Mimi nimeliacha kwenye alama ya kijani kwa sababu ndivyo lilivyokuja. Flashi inaruka yenyewe kila nikisogea karibu, na kila kitu kinakuwa cheupe kama unga. Nataka kujua jinsi ya kupiga kitu kidogo, kwa karibu, kionekane kila mstari na kila ufa. Tuseme ngozi. Na rangi yake itoke kama ilivyo, isipungue wala isiongezwe.

Utaniuliza kwa nini sipigi simu. Simu ya nyumba hii inazungumziwa sebuleni, na Mama ana masikio.

Mdogo wako,
Kitinda


26 Februari

Kitinda wetu,

Barua yako niliipokea nikiwa mlangoni natoka kwenda kwenye harusi, nikaisoma nimesimama, bwana harusi akanisubiri. Tu wazima. Kifua kimepona. Wifi yako amehamishiwa darasa la watoto wadogo kabisa, na siku hizi akirudi nyumbani ananiambia nikae chini kwa sauti ile ile anayowaambia wao. Nami nakaa. Mwambie Mama taulo zile zilikuwa zangu na nazililia.

Sasa tuje kwenye kamera. Jambo la kwanza: kitufe cha kupigia kina ghorofa mbili. Kibonyeze nusu tu, usubiri. Utaona kijisanduku cha kijani kwenye kioo na utasikia mlio mdogo. Hapo kamera inakwambia imeshika pale ulipotaka iangalie. Ndipo ubonyeze mpaka mwisho, taratibu, kama mtu anayeminya tui. Wewe najua unakidunda moja kwa moja, ndiyo maana Mama akawa ukungu.

Ua ni kwa ajili ya vitu vya karibu. Usiogope, halikulazimishi kupiga maua. Usipoliweka hapo, kamera itakataa kushika chochote kilicho umbali wa shibiri. Flashi izime: tafuta kitufe chenye alama ya radi. Flashi iliyo karibu inafuta mistari, na wewe unataka mistari. Tumia mwanga wa mlangoni au dirishani. Kitu chako kikae kando ya mlango, si kwenye jua lenyewe, na mwanga ukipigie ubavuni. Mwanga wa ubavuni ndio unaoinua kila kijibonde.

Ila sijaelewa. Mama si kitu kidogo, na ukimwambia nimesema hivyo nitakukana. Ni ngozi ya nani unayotaka kuipiga kwa karibu namna hiyo?

Kaka yako


21 Machi

Kaka,

Salamu kutoka kwa Mama, anayesema taulo harudishi. Binamu yetu seremala amepata mchumba, na familia ya mchumba imeshaanza kuuliza nani atapiga picha siku hiyo, nami nikaificha kamera kabatini. Magoti yako vile vile.

Umeniuliza, nami nitakujibu. Kadi ya kumbukumbu iko ndani ya soksi ndani ya bahasha hii. Iangalie kwenye kompyuta ya studio yako ya picha watu wakiwa wametoka.

Hiyo ni mikono. Unajua tunafua nini pale kiwandani: mashuka ya hospitali na ya hoteli, mchana kutwa. Tangu mwaka jana wamebadilisha dawa ya kung'arishia. Inakuja kwenye madumu yasiyo na maandishi, na ukiyafungua macho yanatiririka. Glavu zimetoboka vidoleni, na msimamizi anasema nyingine ziko njiani. Hiyo njia haina mwisho. Mkono wa kwanza kwenye kadi ni wa Mama Pacha, anayekunja mashuka nami, yeye ashike huku, mimi nishike huku. Siku hizi hawezi kufunga vifungo vya mashati ya wanawe. Ulio na mpasuko katikati ya kiganja ni wa mama wa pasi. Wengine huwajui.

Tulipolalamika, Meneja alisema ni sabuni tunazotumia majumbani kwetu. Kwa hiyo nikasema tupige picha, tumpelekee afisa wa kazi. Wenzangu wakakubali kwa sharti kwamba nyuso zisionekane, maana kila mmoja ana watoto wanaotegemea mlango ule. Tulikusanyika chumbani kwa Mama Pacha. Chumba kina dirisha moja linaloangalia ukuta, basi tukawasha taa, ile ndefu ya mrija, nikaweka ua kama ulivyosema, nikapiga.

Afisa alikuja, mtu mpole. Akatuita ofisini kwa Meneja. Meneja akaiomba kamera, akaangalia picha moja baada ya nyingine bila haraka, kama mtu anayechagua kitambaa. Akaniuliza hii mikono ya kijani ni ya binadamu wa wapi. Ni kweli, Kaka, picha zote zilikuwa na ukijani kama zimepigwa ndani ya chupa. Kisha akabonyeza kitufe kingine, ikatokea tarehe. Picha zote zilisema siku ya kwanza ya Januari, mwaka ambao kiwanda kile kilikuwa bado kiwanja cha nyasi. Akamgeuzia afisa kioo na kumwambia, "Dawa yangu imewaunguza kabla sijainunua." Afisa akafunga faili lake.

Kwa hiyo nina maswali mawili tu. Saa ya kamera inarekebishwa wapi? Na nitaiambiaje kamera kwamba ngozi ya mwanadamu si ya kijani?

Kitinda


19 Aprili

Mdogo wangu,

Nakusalimu wewe na Mama. Sisi hatujambo. Mtoto mkubwa ameng'oka jino na amelificha, hataki tuone. Mpongeze binamu seremala. Mwambie wewe ndiye utakayepiga picha harusini kwake, na kuhusu harusi niulize chochote, nitakufundisha mpaka usiku uwe mchana.

Picha nimeziona na kuzinakili, na kadi inarudi kwako ndani ya soksi ile ile. Niliziangalia mara moja, nikafunga kompyuta, kisha nikaifungua tena.

Nilikutumia kamera umpige Mama, kwa sababu ni muda mrefu sijamwona na nilitaka uso wake ukutani kwangu. Sikukutumia ukapigane na wenye kiwanda. Unafanya kazi, Mama anakula, paa halivuji. Hayo yalipatikana kwa shida, nawe unayajua. Ya Baba sitaki kuyaandika hapa. Naomba uache. Kama ni lazima, wape picha hizo watu wengine wazipeleke, mimi nitazitoa ukijani kwenye kompyuta na kuzilainisha kidogo ili zisitishe mtu, kisha wewe ukae mbali nazo.

Kuhusu saa na rangi, tuongee siku nyingine.

Lakini kuna jambo nimeliona kama mpigapicha, na haliniachi. Picha zako zote zimetikisika kidogo, na zote zinainama kuelekea upande wa kushoto. Mtu anayeshika kamera kwa mikono miwili hapigi hivyo. Hivyo hupiga mtu aliyeibeba kwa mkono mmoja, tena ule usio na mazoea. Je, kuna kitu hujaniambia?

Kaka yako


3 Mei

Kaka,

Mama hajambo. Mimi sijambo. Mkono wangu mzima.

Saa nimeipata mwenyewe. Iko kwenye ukurasa wenye alama ya spana. Usiponifundisha nitabonyeza kila kitufe kilichoko mpaka kamera inieleze yenyewe. Na picha zile usizilainishe. Maharusi walainishe unavyopenda, wao wamekulipa uwadanganye kidogo na hakuna anayeumia. Mikono hii usiiguse. Ikimtisha mtu, mwache atishike.

Juzi Meneja aliniita peke yangu. Chumba chake kina zulia, na kiyoyozi kinachovuma mpaka unasahau kama nje kuna mitambo. Alinikaribisha kiti. Akasema amesikia nina mwandiko mzuri na kichwa chepesi, na mezani pale mapokezi kuna nafasi: kazi ya kukaa, safi, mbali na maji. Nikaona hapo kuna neno linakuja, nikalisubiri. Likaja. Anachotaka ni kile kikadi kidogo cha kamera, basi, na tuyasahau.

Nikamuuliza, "Na Mama Pacha umemwekea meza gani?"

Akasema mambo ya Mama Pacha ni ya Mama Pacha.

"Basi na kadi ni yangu," nikamwambia, nikainuka, nikarudi kwenye mashuka.

Hukutaka kuandika ya Baba, nitayaandika mimi. Alifukuzwa kwa kuwasemea wenzake, ndiyo. Wewe ulikuwa shuleni kwa bweni, na uliporudi likizo ulikuta uji bila sukari, ukakasirika. Mimi nilikuwa hapa. Nilimwona akitoka asubuhi kwenda kutafuta kazi nyingine, shati limepigwa pasi, anapiga mluzi. Watu aliofanya nao kazi walikuwa wanamsimamisha barabarani kumpa mkono. Wewe unakumbuka uji. Mimi nakumbuka ule mluzi.

Kitinda


22 Juni

Mdogo wangu Kitinda,

Salamu zako na za Mama. Nimechelewa kujibu, na dereva wa lori hana kosa, alipita mara kadhaa na kila mara nilimwambia barua haijawa tayari. Wifi yako aliikuta barua yako mfukoni mwa koti langu akiwa anataka kulifua. Aliisoma yote. Aliniuliza kama nimekujibu, nikasema bado nafikiria. Akaniambia, kwa sauti yake ya darasani, nikae chini niandike sasa hivi, na amekaa hapa mbele yangu anasahihisha madaftari mpaka nimalize.

Basi sikiliza vizuri.

Rangi. Kila mwanga una rangi yake. Macho yetu yanajirekebisha, hatuoni tofauti, lakini kamera inaamini inachoona. Taa ya mrija ina ukijani, taa ya balbu ina unjano, kivuli kina ubuluu. Ukiingia kwenye menyu kuna sehemu yenye vipicha vya jua, wingu, balbu na mrija. Hapo unaiambia kamera uko chini ya mwanga gani. Iliyo bora zaidi ni ile ya mwisho kwenye orodha hiyo: inakuomba uionyeshe kitu cheupe kweli kweli, ukipige, nayo itajua weupe ni upi na rangi nyingine zitakaa mahali pake. Vitu vyeupe najua hamkosi. Na usichanganye taa na jua kwenye picha moja. Zima taa, fungua mlango.

Kutikisika. Kuna dirisha dogo ndani ya kamera linalofunguka na kufungika. Mwanga ukiwa haba, linabaki wazi muda mrefu zaidi, na mkono ukiyumba hata kidogo, picha inayumba nao. Unaweza kupandisha namba iliyoandikwa ISO, kamera ikawa na macho makali zaidi gizani, lakini usipandishe mno, picha itajaa chengachenga na wataanza kubishana na chengachenga. Dawa halisi ni kuacha kuishika. Iweke juu ya stuli, juu ya matofali, juu ya chochote kisichopumua.

Halafu kuna alama ya saa ndogo pembeni mwa duara. Ukiiweka, unabonyeza kitufe, kamera inahesabu yenyewe kisha inapiga wakati hujaigusa. Inazuia mtikisiko. Inamsaidia pia mpigapicha anayetaka kujipiga mwenyewe.

Sitakuuliza tena habari za mkono wako. Nimekwambia tu kitufe kiko wapi.

Picha zako sijazigusa. Nimezinakili kama zilivyo, na nakala iko hapa kwangu, hakuna atakayeipata.

Wifi yako anasema niongeze kwamba habari za ule uji alishaelezwa mara nyingi kuliko unavyostahili.

Kaka yako


10 Agosti

Kaka yangu mpenzi, na wewe wifi yangu unayesoma mifukoni,

Nianze na Mama, asije akasema nimemweka nyuma. Anawasalimu. Magoti yamepata mafuta mapya ya kuchulia na jina jipya la kuitwa. Harusi ya binamu ilipita vizuri. Nimepiga picha za kutosha, na bibi harusi amezipenda zote isipokuwa zile anazokula.

Nimefukuzwa kazi. Nakwambia mapema ili usisome ukiwa na presha. Dawa nayo imeondolewa. Madumu yalibebwa kwenye gari mchana kweupe, na waliobaki ndani wana glavu zinazofika kwenye viwiko. Mama Pacha na wenzake wanapelekwa kwa daktari wa ngozi kwa amri ya afisa, baada ya kuziona picha za mwisho. Mimi niliondolewa kwa kosa la kufanya fujo mbele ya lango, na fujo yenyewe nitakusimulia.

Barua yako niliisoma jikoni, nikafunga mlango. Nikaweka kamera juu ya matofali, nikatandika shuka jeupe mezani karibu na dirisha, nikaionyesha kamera weupe kama ulivyosema. Kisha nikafungua kitambaa nilichokuwa nimeuzungushia mkono wangu wa kulia miezi yote hii. Mama alikuwa akiamini nimeteguka. Nikaweka kiganja juu ya shuka, nikabonyeza kwa kushoto, saa ikaanza kuhesabu, na hapo hapo mlango ukafunguka. Mama alisimama akaniangalia mkono. Nilidhani atalia au atanigombeza kwa kumficha. Alivuta kiti, akakaa, akalinyoosha lile shuka lililokuwa limejikunja pembeni. "Piga tena," akasema. "Hiyo niliitingisha mimi nilipoingia." Baadaye nilimpiga yeye, palepale, bila kusuka wala kujiandaa. Iko kwenye kadi. Anakuangalia wewe moja kwa moja.

Tukazipiga upya zote, mlangoni kwa Mama Pacha, taa imezimwa. Kaka, rangi ilitoka. Wekundu ulikuwa mwekundu, na nyufa ungeweza kuziingiza uzi. Tarehe sahihi. Afisa aliziangalia akakunja uso, akamgeukia Meneja. Naye Meneja hakuhangaika hata kidogo. Alisema picha ni nzuri, anampongeza mpigapicha, ila hii ni mikono isiyo na wenyewe. Haina nyuso wala majina. Inaweza kuwa ya watu wa popote.

Tulitoka pale. Mama wa pasi, ambaye huwa hasemi kitu tangu asubuhi mpaka jioni, ndiye aliyesimama kwenye korido akasema, "Basi atuone wenyewe." Sikumwomba. Nilimkumbusha habari za watoto wake. Akanijibu kwamba watoto wake kila siku wanamuuliza kwa nini hawashiki.

Kesho yake, zamu ilipotoka, jua likiwa bado liko juu ya ukuta wa mbele, nilisimama nje ya lango na kamera juu ya stuli. Walikuja mmoja mmoja. Kila mmoja alisimama mbele ya ukuta, akaweka viganja chini ya kidevu, akaangalia kwenye lenzi, akataja jina lake na sehemu anayofanyia kazi, na Mama Pacha akayaandika. Nilibonyeza nusu, nikasubiri kijani, nikabonyeza yote. Waliokuwa wamekataa mwanzoni walitoka, wakatuona, wakasita, wakajipanga nyuma. Hata fundi wa boila, anayetuchemshia maji, alijipanga, na mikono yake ni mizima. Akasema yeye ni shahidi wa mikono ya wengine.

Meneja akatoka. Msimamizi na mlinzi walikuwa nyuma yake. Aliuliza nani ametoa ruhusa. Akasema lango ni la kampuni, na ukuta ni wa kampuni, na atakayebaki pale asirudi kesho. Hakuna aliyetoka kwenye mstari. Akaja mpaka mbele yangu, akasimama kati ya kamera na mama wa pasi, akanyoosha mkono nimpe kamera. Kivuli chake kilimfunika mama wa watu uso mzima.

Nilitaka kumwambia mengi, Kaka. Nilikuwa nimeyapanga tangu siku ile ya mikono ya kijani. Lakini kijisanduku kilikuwa kimeshawaka, na yule mama alikuwa bado ameinua viganja, akiningoja.

"Sogea kidogo," nikamwambia. "Unanizibia mwanga."

Akaniangalia. Akawaangalia watu waliojipanga nyuma yangu mpaka kwenye kona ya barabara. Akasogea.

Nikapiga.

Mdogo wako,
Kitinda